Maji machafu yanayokataa kwenda: kutengeneza njia ya maji ya jikoni na bafuni kwenye ardhi ya mawe

Masika yakikaribia, suali hili huturudia studio: sinki la jikoni limejaa na maji hayaendi, bafu linatoa harufu, au shimo lililochimbwa juzi tu limefurika. Wengi wanaouliza wako kusini mwa Unguja, Makunduchi na vijiji vya jirani, ambako ukichimba kidogo tu unagonga jiwe. Tumeandika makala hii ili uweze kuisoma kwenye simu huku ukiwa umesimama uani na fundi wako.

Tunaanza na jambo kubwa kuliko yote. Kuzibua bomba ni nusu ya kazi. Nusu nyengine ni kujua maji yanaishia wapi. Katika ardhi ya mawe, maji machafu yanayopotea haraka hayajasafishika. Yameingia kwenye ufa, na ufa huo unaweza kuwa unaelekea kwenye kisima.

MAJI GANI TUNAYAZUNGUMZIA

Nyumba ina maji machafu ya aina mbili. Kuna maji ya choo, na kuna maji ya kukoshea vyombo, kuogea na kufulia. Hapa tunazungumzia hayo ya pili. Ni vyema yawe na njia yake. Ukiyaingiza yote kwenye karo la choo, karo linajaa upesi, na wingi wa maji unasukuma uchafu wa chooni utoke kabla haujatulia chini.

Piga hesabu ya nyumba yako kabla ya kununua bomba. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia ndoo 2 za lita 20 kwa siku, inatoa ndoo 12, yaani lita 240 kila siku. Kwa wiki ni lita 1,680. Maji hayo lazima yapate pahala pa kwenda, kiangazi na masika.

KWA NINI KUSINI NI TOFAUTI

Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzito wa kina kirefu. Mashariki na kusini, Makunduchi ikiwemo, ardhi ni maweni: mwamba wa matumbawe ya zamani, wenye matundu, nyufa na mapango, na udongo mdogo juu yake. Ndiyo maana hatuna mito huku. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani ya mwamba na kukaa chini, yakielea juu ya maji ya bahari kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Maji hayo ndiyo tunayoyateka visimani.

Udongo na mchanga husafisha. Maji yakipita polepole, uchafu hunasa, na vijidudu vilivyomo ardhini huula. Ufa wa jiwe haufanyi kazi hiyo. Maji yaliyokosha vyombo asubuhi yanaweza kufika chini kabisa yakiwa bado na mafuta na vijidudu vyake. Kutoka hapo yanafuata njia ya maji ya chini, ama kwenda kisimani, ama kutokea pwani wakati bahari imekupwa, pale pale kina mama wanapolima mwani na watoto wanapocheza.

Mji Mkongwe na baadhi ya maeneo ya mjini yana mabomba ya umma ya kuchukulia maji machafu. Shamba hatuna. Kila nyumba inamaliza maji yake yenyewe, kwa hiyo kosa la nyumba moja linaweza kufika kwa jirani.

KWANZA TAFUTA TATIZO LILIPO

Usianze kuvunja sakafu. Angalia dalili kwanza.

Sinki moja tu linachelewa, mengine yanakwenda vizuri: kizuizi kiko karibu na sinki hilo, mara nyingi kwenye bomba la kupinda lililo chini yake.

Sinki na bafu vyote vinachelewa: kizuizi kiko kwenye bomba kubwa, kwenye chemba, au shimo lenyewe limejaa.

Maji yanakwenda huku bomba likikoroma: hewa haina pa kupita. Labda bomba halina kipumulio, au limeziba nusu.

Maji yanakwenda vizuri lakini kuna harufu: bomba la kupinda halipo, au limekauka.

Matatizo yanakuja masika tu: maji ya mvua yanaingia kwenye shimo, au maji ya chini yamepanda.

Kisha fungua chemba, kile kisanduku cha simenti chenye mfuniko kilichopo nje baina ya nyumba na shimo. Mwambie mtu amwage ndoo moja ndani huku wewe unaangalia. Chemba ikibaki kavu, kizuizi kiko baina ya nyumba na chemba. Chemba ikijaa na isishuke, kizuizi kiko mbele, upande wa shimo. Kama nyumba yako haina chemba, ijengwe moja kila pahala bomba linapopinda. Bila chemba, kila ukizibua itabidi uchimbe.

KUZIBUA

Kinachoziba bomba la jikoni ni mafuta. Tui la nazi, mafuta ya kukaangia na utelezi wa samaki hupita yakiwa na moto, kisha yakipoa huganda ukutani mwa bomba. Juu yake hunasa punje za wali, magamba na majivu. Bafuni ni nywele, sabuni na mchanga wa miguuni.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Chota maji yaliyotuama kwenye sinki, ubakishe inchi 2 hivi. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa. Sukuma na kuvuta kwa mpira wa kuzibulia mara 15 hadi 20. Mara nyingi hii inatosha.

2. Kama haikwenda, weka ndoo chini na ufungue kwa mkono bomba la kupinda lililo chini ya sinki. Litoe, likoshe nje kwa brashi, lirudishe. Usisahau mpira wa kuzuia kuvuja.

3. Kwa bomba refu, ingiza waya wa kuzibulia au mpira mgumu wa maji kutokea kwenye chemba kuelekea nyumbani. Zungusha huku ukisukuma. Mti mkavu au chuma chenye ncha usitumie, vinatoboa plastiki.

4. Malizia kwa ndoo ya maji ya moto yenye sabuni ya kukoshea vyombo. Yawe ya moto ambao mkono unauhimili. Maji yanayochemka hulainisha bomba la plastiki na kulegeza viungo.

Dawa kali za kuzibulia zinazouzwa madukani zina soda inayounguza ngozi na macho. Kama umeimwaga na bomba halikuzibuka, maji yaliyotuama ndani yamekuwa sumu, na fundi atakayelifungua bila kujua ataungua. Mwambie kabla hajagusa. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini na tindikali, siki au dawa nyengine ya kusafishia, kwani mvuke wake unaharibu mapafu.

HARUFU NA BOMBA LA KUPINDA

Mwaka 1775 mtengeneza saa mmoja aliyekuwa London, Alexander Cumming, alisajili choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S. Ni jambo dogo, lakini hadi leo nyumba nyingi duniani zenye sinki zinalitegemea. Maji kidogo hubaki kwenye mkunjo na kufunga njia, hewa ya shimoni isipande ndani. Mafundi wengi huliita trapu.

Harufu ikitoka, angalia mambo matatu. La kwanza, trapu ipo? Nyumba nyingi zina bomba lililonyooka moja kwa moja hadi shimoni, na hata mende hupanda humo. La pili, imekauka? Bafu la wageni lisilotumika hukauka, hasa wakati wa kaskazi. Mimina kata 2 za maji kila wiki. La tatu, maji ya trapu yananyonywa? Ukisikia bomba linakoroma kila ndoo inapomwagwa bafuni, weka kipumulio: bomba lililosimama ukutani kupita juu ya paa, lenye wavu wa kuzuia mbu.

MTEREMKO WA BOMBA

Kosa tunaloliona mara nyingi ni bomba kulazwa bila mteremko. Sababu yake ni jiwe. Fundi anachimba mtaro, anakutana na mwamba mgumu, anachoka kuuchonga, na analipitisha bomba juu yake. Bomba linapanda kidogo kisha linashuka. Kila siku mafuta na mchanga hutulia mbele ya mpando huo. Mwenye nyumba anazibua kila mwezi na kudhani tatizo ni sabuni.

Kipimo ni hiki: kila mita 1 ya bomba ishuke sentimita 2 hadi 2 na nusu. Kwa mtaro wa mita 10, mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 20 hadi 25. Mteremko mkali sana nao haufai, maji hukimbia na kuacha taka nyuma.

Huhitaji chombo cha gharama kupima. Chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, ujaze maji, hakikisha hauna povu la hewa. Mtu mmoja ashike ncha moja mwanzo wa mtaro, mwengine ashike ncha ya pili mwishoni. Maji ya ncha mbili hizo husimama usawa mmoja. Kutoka usawa huo pima kwenda chini kila upande, utajua tofauti.

Kwa jikoni na bafu tumia bomba la inchi 2 kutoka ndani, na la inchi 3 au 4 nje. Pahala ambapo jiwe limekataa kabisa, zungusha mtaro upite pengine, au inua mwanzo wa bomba. Bomba lililoachwa wazi juu ya mawe hujinamia katikati na kuvunjika kwa jua, kwa hiyo liegemeze kwa mawe kila hatua moja kisha ulifukie.

MWISHO WA BOMBA

Hapa ndipo nusu ya pili ya kazi.

Anza na kuondoa mafuta. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, itoboe matundu chini, weka kokoto kwenye kitako, kisha ijaze makumbi. Maji ya jikoni yapite humo kabla ya kwenda mbele. Mafuta na punje hunasa kwenye makumbi. Kila wiki 2 hadi 4 toa makumbi ya zamani, yafukie mbali na kisima, weka mapya. Makunduchi makumbi hayakosekani.

Kisha jaribu ardhi. Chimba tundu la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji jioni na uliache lilale. Asubuhi lijaze tena, na uhesabu dakika ngapi maji yanachukua kushuka inchi moja. Baina ya dakika 6 na 40, ardhi inanyonya vizuri. Zaidi ya 40, inanyonya polepole, na shimo litafurika. Chini ya 6, maji yanapita haraka bila kusafishika. Yakipotea kama yaliyomwagwa kwenye pakacha, ujue umekuta ufa.

Kama una udongo wa kutosha, shimo la kunyonya lililojazwa mawe linafaa. Lakini usidanganyike na ukubwa wake. Shimo la mita 1 kila upande linaingia lita 1,000, sawa na ndoo 50. Ukilijaza mawe, nafasi inayobaki ni kama thuluthi, ndoo 16 au 17. Kwa familia yetu ya ndoo 12, hiyo ni akiba ya siku moja na zaidi kidogo. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1 na nusu juu ya maji ya chini. Jua usawa wa maji kwa kuangalia kisima kilicho karibu wakati wa masika, maji yanapokuwa juu.

Kama umekuta jiwe lenye nyufa, usichimbe zaidi. Jenga tuta juu ya ardhi. Ziba ufa unaouona kwa simenti. Panga mawe kuzunguka eneo la mita 2 kwa 3, ujaze mchanga uliochanganywa na udongo hadi kimo cha sentimita 60 au zaidi, na juu yake weka makumbi na majani makavu. Panda migomba au mipapai. Bomba limwage juu ya tuta, chini ya makumbi, ili maji yasituame na kuzaa mbu. Mchanga wa ufukweni usiuchukue: una chumvi, ufukwe unaliwa, na uchimbaji wa mchanga Zanzibar una taratibu zake za kisheria.

Ukiweza, gawa tuta mara mbili na kizuizi katikati. Wiki hii mwaga upande huu, wiki ijayo upande wa pili. Mchanga unaopumzika hukauka na kufanya kazi tena. Mchanga unaolowa kila siku huziba kwa utelezi mweusi.

Ikiwa sakafu yako iko chini na bomba haliwezi kufika juu ya tuta, usilazimishe. Kusanya maji kwenye ndoo na uyamwage mwenyewe. Ndoo 12 ni kazi, lakini ni nafuu kuliko bomba linalorudisha maji ndani. Na mboga zinazoliwa mbichi usizimwagilie maji haya.

KISIMA KWANZA

Shimo la kunyonya maji machafu liwe mbali na kisima angalau mita 30, hatua ndefu 30 za mtu mzima. Kipimo hicho ni cha ardhi ya kawaida. Kwenye jiwe lenye nyufa umbali huo unaweza usitoshe, kwa hiyo ongeza kila unapopata nafasi, na usiweke shimo upande wa juu wa kisima.

Watu hudhani maji ya kufulia si hatari, kwa vile hayakutoka chooni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow aliandika majumba ya waliokufa, akaona wengi walikunywa kwenye bomba moja la kisima, la Broad Street. Baadaye kisima kilipochimbuliwa, ilionekana kuwa chini ya mita moja kutoka hapo kulikuwa na karo la nyumba ambalo matofali yake yameoza. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amemwaga humo maji ya kufulia nepi za mtoto wake mgonjwa.

Kipindupindu hakiko mbali na sisi. Zanzibar iliripoti mlipuko wake mwaka 1978, na tangu hapo umerudi mara kadhaa. Kwa hiyo shika hili: maji ya kufulia nepi, au nguo na mashuka ya mtu anayeharisha, yamwagwe chooni. Kwenye tuta la migomba yasiende.

Kama kisima tayari kiko karibu na shimo la jirani, zungumzeni mapema, si siku ya ugomvi. Mnaweza kumhusisha sheha na afisa afya wa wilaya. Maji ya kisima yanaweza kupimwa. Kabla hayajapimwa, yachemsheni au yatieni dawa ya kusafishia maji ya kunywa.

TAHADHARI YA KARO LA ZAMANI

Mtu asiingie ndani ya karo au shimo la zamani, hata likionekana tupu. Hewa iliyomo huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza hufa naye. Kazi zote zifanywe kwa mti mrefu au kamba mkiwa juu. Mfuniko uwe wa zege, mzito kiasi cha mtoto kutoweza kuusogeza.

Kabla ya masika inua ukingo wa mfuniko sentimita 15 juu ya ardhi, chonga mtaro wa kuelekeza maji ya mvua pembeni, na usiruhusu maji ya paa kuingia kwenye shimo. Shimo lililochukua mvua halina nafasi ya maji ya jikoni.

KWA UFUPI

Kila siku: pangusa mafuta kwenye sufuria kwa karatasi au majivu kabla ya kukosha, na uweke chujio kwenye tundu la sinki.

Kila wiki: mimina maji kwenye bafu lisilotumika, na ubadilishe upande wa tuta.

Kila mwezi: badilisha makumbi, fungua chemba, na uondoe mchanga.

Kila mwaka, kabla ya masika: mwaga ndoo moja na uifuate kutoka sinki hadi mwisho wake. Ukifika mwisho na huoni pahala maji yalipokwenda, tazama kisima kilicho karibu, kisha mwite fundi.